Ufunguo uko wapi saa nane usiku?

Swali: Shikamoo mzee. Nimepanga vyumba viwili hapa Mwanga, Kigoma. Nyumba ina kaya tano na korido moja. Madirisha yote yana nondo, na mlango mkubwa hufungwa kwa kufuli saa nne usiku. Nimeanza kutumia gesi, ule mtungi mdogo wa kilo 6. Wenzangu wanapikia mkaa, na mmoja anakaanga maandazi ya biashara kila alfajiri pale pale koridoni. Mwezi uliopita chumba kiliungua mtaa wa pili, watu wakabaki kupiga kelele tu. Nataka kununua mtungi wa kuzimia moto. Ninunue upi? Na je, zimamoto wakiitwa wanakuja kweli, au wanataka hela kwanza? (Mpangaji, Mwanga)

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na hela, maana hilo ndilo linalowachelewesha watu kupiga simu. Kuzimiwa moto ni bure, na ukipiga 114 hukatwi salio. Tozo zipo kwenye ukaguzi wa majengo ya biashara na vyeti vyake, na nadhani uvumi ulianzia huko: mtu kamwona mwenye duka analipia ukaguzi, akadhani na kuzimiwa kunalipiwa. Nimefanya kazi ya zimamoto mpaka nikastaafu, na sijawahi kuona gari limesimama nje ya nyumba inayowaka likisubiri risiti. Nilichokiona mara nyingi ni watu kupiga simu baada ya ndoo kumi na tano kushindwa.

Wanakuja kweli? Wanakuja. Ila piga hesabu na wewe. Simu ipokelewe, askari wapande, gari lipite barabara kuu saa ya watu wengi, lipande mlima, kisha liingie kwenye uchochoro ambao jirani kaweka meza ya nyanya upande huu na bodaboda mbili zimeegeshwa upande ule. Gari la maji si Noah. Wakati wote huo godoro la sponji lililoshika moto linakijaza chumba moshi mweusi ndani ya dakika chache, hata kabla miali haijawa mikubwa. Kwa hiyo dakika za mwanzo ni zenu mliomo ndani, na zingekuwa zenu hata kama kituo kingekuwa mtaa wa pili.

Ndiyo maana swali lako la mtungi nitaliweka kiporo kidogo. Kwanza nikuulize: saa nane usiku, umeme umekatika, ufunguo wa lile kufuli uko wapi? Usinijibu mimi. Pita koridoni umuulize kila mpangaji. Naogopa utapata majibu matano.

Nakumbuka usiku mmoja wa giza, nikiwa bado kijana kazini. Usiku usio na mwezi ndio wavuvi wa dagaa wanaoutaka, maana hapo ndipo taa zao zinapovuta samaki. Baba wa nyumba ile alikuwa ziwani. Alipoondoka jioni alifunga mlango kwa kufuli la nje ili mkewe na watoto wasisumbuliwe, akaenda na ufunguo mfukoni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anawalinda. Kibatari kikaangukia chandarua. Tulipofika, majirani walikuwa wameshaachana na nondo za dirisha, wamezunguka nyuma, wanautoboa ukuta wa tofali za udongo kwa mtaimbo na mchi wa kutwangia. Mama na watoto wanne walitokea kwenye tundu lile wakiwa wazima, wamepakaa masizi kama vyungu. Ukuta ulikuwa mwepesi kuliko dirisha. Nyumba za siku hizi ni za tofali za saruji. Mchi hauwezi kitu pale.

Sikwambii mng'oe nondo. Wezi wapo, na mwizi huja mara nyingi kuliko moto. Mwenye nyumba akikwambia hivyo yuko sahihi, usibishane naye. Mwombe tu kila kaya iwe na dirisha moja linalofunguka: fundi wa kuchomelea anaikata fremu ya nondo upande mmoja, anaweka bawaba mbili na sehemu ya kufuli dogo kwa ndani. Kazi ya asubuhi moja. Ufunguo wake utundikwe kwenye msumari, mbali na mkono wa mtu aliye nje, lakini chini kiasi cha mtoto wa darasa la pili kuufikia. Mlango mkubwa uwe na komeo la ndani badala ya kufuli. Mwenye nyumba aking'ang'ania kufuli lake, lifungwe kwa ndani na kila kaya iwe na nakala ya ufunguo. Mafundi wanachonga sokoni unasubiri hapo hapo. Kama gharama ya dirisha inamtia uzito, jitoleeni kuchanga nusu. Mpangaji anayekuja na nusu ya hela husikilizwa kuliko anayekuja na malalamiko.

Kisha usiku mmoja zimeni taa, mtambae na watoto mpaka mlangoni. Watacheka, waache wacheke. Moshi hupanda juu, na hewa inayovutika hubaki karibu na sakafu; mtoto aliyetambaa mara moja kwa mchezo atajua la kufanya akishtuka usingizini. Mkubaliane pia mtakutana wapi nje, chini ya mwembe au penye bomba, mhesabiane hapo. Watoto wadogo wakiona moto hawakimbii. Hujificha uvunguni au nyuma ya kabati, na ukimwita kwa ukali anazidi kujibana, anadhani ndiye aliyekosa. Asiyeonekana pale mwembeni, mwambie askari analala chumba gani na kitanda kiko upande gani. Usirudi ndani mwenyewe. Wapo walioshatoka salama, wakarudi kufuata begi la vyeti.

Sasa korido yenu. Katika barua yako yote hiyo ndiyo iliyonitisha. Mmeweka gesi, makaa yanayowaka na karai la mafuta kwenye njia ile ile mtakayokimbilia.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini kama moshi. Inatambaa sakafuni kama maji, inapita chini ya milango, inajikusanya palipo chini. Na jiko la mkaa linakaa wapi? Sakafuni. Kwa hiyo mtungi wako na jiko la jirani havikai korido moja, hata mkipika kwa zamu. Usiuhamishie chumbani mnakolala pia. Mahali pake ni uani, chini ya paa linalopitisha upepo, umesimama wima, na valvu inafungwa kila ukimaliza kupika, siyo kuzima jiko tu. Ile harufu mbaya imewekwa makusudi kiwandani ili pua ikuonye. Ukiisikia ndani, usiwashe taa, na kama inawaka usiizime, maana swichi inaweza kutoa cheche inapowashwa na inapozimwa. Funga valvu ukiweza kuifikia, fungua milango, toa watu, na simu ipigwe mkiwa nje. Siku ya kubadilisha mtungi, mwombe muuzaji aupime kwenye mizani mbele yako, na uangalie kile kimpira cha mdomoni mwa valvu kama kimepasuka au kimekauka. Nyumbani paka povu la sabuni kwenye maungio. Likivimba mapovu, inavuja. Usijaribu kwa kiberiti. Nimemwona mtu mzima, msomi, akijaribu kwa kiberiti.

Usinielewe vibaya, gesi naipenda. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na naunga mkono kwa mikono miwili, kwani vifua vya mama zetu vimechoka na moshi. Kinachonikera ni kwamba mitungi imefika majumbani haraka kuliko maelekezo yake. Mtu anakabidhiwa kwenye hafla, anapigwa picha akitabasamu, anarudi nao kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi, na hakuna aliyemwambia habari ya kimpira.

Huyo jirani wa maandazi msimfukuze, pengine ndiyo ada za watoto wake. Mpeni kona uani. Awe anakaangia mawese au alizeti, siku mafuta yakishika moto kwenye karai asiyamwagie maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama chini, yanachemka papo hapo na kugeuka mvuke unaochukua nafasi karibu mara 1,700 ya maji yenyewe, na mvuke huo huyarusha mafuta yanayowaka mpaka kwenye dari. Afunike karai kwa sinia la bati au mfuniko mpana na aliache lilivyo mpaka lipoe. Asilibebe kulitoa nje. Wengi niliowaona wameungua mapaja waliungua wakilibeba. Sinia hilo likae pembeni ya jiko kila alfajiri, siyo kabatini. Na avae kanga ya pamba, maana nguo ya nailoni huyeyuka na kugandia mwilini. Akiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Bomba likiwa kavu, mmiminie kwa kata kutoka ndooni, taratibu, kisha hospitali. Dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, vyote hivyo muuguzi atavibandua kwanza ndipo aanze kutibu, na kubanduliwa kunauma kuliko kuungua.

Mkaa una hatari nyingine isiyo na moto. Mvua zikianza, Oktoba au Novemba, watu huingiza jiko chumbani wapate joto. Wengine huliweka karibu na kitanda cha mzazi na kichanga chake. Hapa sina lugha laini: msifanye. Makaa, hata yaliyofunikwa majivu, yanatoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu anapumua vizuri kabisa huku mwili unakosa hewa. Dalili zake watu huzidhania malaria: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu haina nguvu. Ukiona watu wawili watatu wa chumba kimoja wameumwa kichwa kwa pamoja, na kuna jiko ndani, usitafute panadol. Fungua, watoe nje, wapelekwe hospitali. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi.

Umeme nitaupitia haraka. Soketi zetu ni za ampea 13, na kwa volti 230 hiyo ni kama wati 3,000 kwa tundu moja. Ukichomeka ekstensheni moja yenye jiko la umeme la wati 2,000 na pasi ya wati 1,200, umeshavuka, na ile waya nyembamba ya dukani itaanza kupata moto kabla hujaona chochote. Umeme ukikatika, chomoa pasi pale pale. Pasi iliyosahaulika juu ya godoro husubiri tu umeme urudi. Nyumba ya kaya tano inayovuta kutoka mita moja ni ya kukaguliwa na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, siyo kijana anayejua kuunga waya kwa kuangalia. Tatizo likiwa kwenye nguzo au waya unaoingia ndani, hilo ni la TANESCO, msiguse. Kutoka kwenye mita kuja ndani ni la mwenye nyumba.

Petroli ni fupi zaidi: isilale ndani. Najua Kigoma yetu, mwenye injini ya boti huogopa kuacha dumu lake mwaloni likaibiwe, analisukumia uvunguni. Mafuta ya taa yanahitaji kupashwa joto kidogo ndipo mvuke wake ushike. Petroli haihitaji, inatoa mvuke unaoshika moto hata usiku wa baridi kali, na mvuke wake, kama gesi, unatambaa chini. Kama kuna mvuvi au bodaboda kati ya kaya hizo tano, ongeeni naye leo.

Haya, mtungi wa kuzimia moto. Kwa nyumba yenu nunueni wa unga, ule ulioandikwa herufi A, B na C, wa kilo 6. Wenye gesi ya kaboni dioksidi unafaa ofisini penye mashine, na wa maji usiukaribishe penye karai na nyaya. Msinunue mmoja kila kaya. Changeni wa pamoja na mwingine ukipatikana baadaye uwe wa uani. Angalia kishale cha geji kiwe kwenye kijani, pini ina lakiri, na lebo inaonyesha lini ulihudumiwa; kila mwaka upelekwe ukaguliwe. Utundikwe karibu na mlango wa kutokea, siyo juu ya jiko, kwa sababu hakuna atakayeupitia motoni kuufuata. Kuutumia: chomoa pini, elekeza mdomo kwenye kitako cha moto na siyo kwenye miali, bana mkono, fagia kushoto kulia, mgongo wako ukiwa upande wa mlango. Utapata sekunde kumi na kitu hivi, basi, umekwisha. Unatosha kikapu cha nguo au kona ya pazia. Moto ukishafika darini, uache mtungi, funga mlango wa chumba hicho nyuma yako na uondoke. Mlango uliofungwa, hata wa mbao, unawanunulia wenzako dakika kadhaa. Mkiwa bado mnachanga, ndoo mbili za mchanga wa ziwani na blanketi zito la pamba vinasaidia sana, na mchanga hauombi kuhudumiwa kila mwaka.

Kupiga 114 nako kuna ufundi. Mtu anapiga, analia "moto, moto Mwanga", anakata. Mwanga yote? Kabla ya sensa ya 2022 serikali iliendesha zoezi la anwani za makazi. Mitaa ikapewa majina na nyumba namba. Nenda sasa hivi ukasome kibao cha nyumba yenu, ukiandike kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya mlango mkubwa pamoja na 114. Wapangaji wengi hawaijui namba ya nyumba wanayolala. Ukipiga, taja kwanza barabara na namba, kisha alama inayojulikana, msikiti au shule, kisha kinachoungua, na kama kuna mtu ndani. Usikate mpaka uambiwe. Halafu kijana mmoja wa bodaboda akasimame barabara kuu aliongoze gari, wengine waondoe meza na pikipiki uchochoroni kabla halijafika. Na watoto wasichezee namba hiyo. Gari linalokwenda kwenye mzaha Ujiji ndilo ambalo Gungu inalingojea.

Kuhusu majirani waliobaki kupiga kelele, usiwalaumu sana. Hakuna aliyewafundisha kingine. Mwone mtendaji wa mtaa, mwombe aandike barua kwa zimamoto waje watoe elimu kwenye mkutano wa mtaa. Wanakuja, na hiyo nayo hulipii. Waje na mtungi mmoja wa zamani, kila mtu aubane kwa mkono wake, kina mama wauza vitafunwa wawe mbele. Siku hiyo hiyo waulizwe mbele ya mwenyekiti: bomba la kujazia maji magari la karibu liko wapi, na je, limefukiwa na kifusi au kibanda? Hilo ni la zimamoto na mamlaka ya maji, KUWASA, kwa pamoja, na wakiulizwa faragha kila mmoja atamsubiri mwenzake. Jambo la gari au kituo kipya usilimalizie kwa diwani, maana tangu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya 2007 kazi hii ilihamishwa kutoka halmashauri, sasa iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Diwani anaweza kusukuma, hawezi kutoa. Ila vibanda vinavyoziba uchochoro ni vyake na mtendaji, hapo mkabeni.

Kama mtaa wenu una ulinzi shirikishi, wapeni filimbi moja ya moto iliyo tofauti na ya mwizi. Ikilia ya mwizi watu hutoka na fimbo. Ikilia ya moto watoke na ndoo na mtaimbo.

Utaniuliza uanzie wapi, na mshahara bado. Jioni hii, kabla ya kupika, utoe mtungi wako wa gesi koridoni. Saa nne kufuli likifungwa, simama hapo uone ufunguo unapelekwa wapi.